Mbegu ya Kahawa Niliyoitoa Kinywani mwa Mdogo Wangu

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwalimu, mjane, naishi Kagondo hapa Bukoba. Najua humu mmezoea visa vya michepuko. Changu hakina mwanaume, mnivumilie.

Kwetu ni Izimbya. Baba alirudi salama kutoka vita vya Kagera, tukadhani tumepona. Miaka michache baadaye akachukuliwa na UKIMWI, ugonjwa ule tuliouita Juliana, maana jina lake halisi liliogopwa. Mwaka uliofuata mama naye akalala kitandani kwa ugonjwa huohuo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mdogo wangu, tumwite Koku, alikuwa na minne. Shangazi zetu waliacha ndizi mlangoni na kuondoka zao. Mimi ndiye niliyempikia mama, nikamwogesha, nikafua mashuka. Hiyo ni kweli, na Koku humsimulia kila mtu.

Ila kuna asubuhi moja sijawahi kumsimulia. Sisi Wahaya mgeni humpa akamwani, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, akaitafuna. Tunda moja lina mbegu mbili, na wanaopendana hugawana. Hata wazee waliochanjana udugu wa damu walikula hivyo. Siku hiyo mama aliamka na nguvu kidogo, akaomba akamwani. Akaimenya kwa meno kwa kuwa vidole vilishachoka. Mbegu moja akabaki nayo, nyingine akampa Koku, naye akaitia mdomoni. Nikamrukia. Nikamtia kidole mpaka kooni, nikaitoa, nikamzaba kofi huku nikipiga kelele, "Utakufa kama huyu!" Sikusema hata kama mama, nilisema kama huyu, naye yuko pale ananitazama.

Mama hakulia. Alisema kwa Kihaya, polepole, "Una haki, mwanangu. Mnawishe mikono." Hakusema nasi tena. Siku ya tatu alifariki.

Koku alipokua akaniuliza mama alituaga vipi. Ningemjibu nini mtoto yatima? Nikamwambia alisema, "Wanangu, nawapenda, pendaneni." Nikatunga papo hapo, nikiwa naosha vyombo.

Mwaka huu mikono yangu ilianza kuchubuka kwa kunawa kila saa, na kifua kunibana hata darasani. Binti yangu akanipeleka kwa mshauri wa saikolojia, kijana tu, nikamdharau. Nilitegemea aniambie nisahau, au nisali sana kama nilivyoambiwa miaka yote. Akasema, "Mama, mawazo hayo usiyafukuze. Yakija, kaa nayo, pumua, uyatazame yalivyo." Akanieleza kwamba kukubali si kusema ilikuwa sawa, ni kuacha kupigana na kilichokwisha kutokea. Nikamwona anaongea kitabu. Kisha akataka nile kitu kidogo taratibu, nikisikilizie kinywani bila haraka. Maskini hakujua habari ya ile mbegu, akanipa akamwani ya sokoni.

Jamani, nililia saa nzima. Hakunikatiza wala hakuniambia pole, alikaa tu mpaka nikamsimulia yote. Wiki kadhaa tumefanya hivyo, nami nimeanza kumwona yule msichana wa miaka kumi na mitatu: alikuwa ameogopa. Baba kaenda, mama anaenda, amebaki na Koku peke yake. Bado inauma, lakini kifua kimelegea na mikono inapona.

Sasa juzi Koku kanipigia simu kwa furaha. Kanunua saruji na vigae, anajengea kaburi la mama pale kibanjani, kwenye shamba letu la migomba. Fundi anakuja Jumamosi. "Dada waitu, nataka aandike yale maneno ya mwisho ya mama. Ndiyo yaliyonilea." Nikamwambia sawa, halafu nikampigia mshauri.

Mshauri anasema uamuzi ni wangu. Uchungu wangu nimejifunza kukaa nao, lakini huu utakuwa wa Koku, na yeye hakuomba. Nikinyamaza, kila Krismasi nitapiga magoti mbele ya uongo wangu ulioandikwa juu ya kaburi la mama. Nikisema, namnyang'anya mdogo wangu neno pekee la mama alilo nalo, na labda atanichukia mimi niliyemlea. Ndugu zangu, msinitukane, nishaurini kabla ya Jumamosi: fundi aandike nini?