Shangazi wa Juu, Shangazi wa Chini

Babu yangu alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alipojifungua mtoto wa kike wa kwanza alimpa jina la mama yake babu. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Ndiyo desturi, na babu naye hakuwa mtu wa kujitia katikati ya wake zake kwa jambo la jina. Kwa hivyo nimekua na shangazi wawili wenye jina moja, baba mmoja na kijiji kimoja, Munje, katika uwanja mmoja wenye nyumba mbili. Mmoja tulimwita Shangazi wa Juu, kwa kuwa nyumba ya mama yake ilikuwa upande wa barabara. Mwingine alikuwa Shangazi wa Chini, upande wa bahari. Babu akiita lile jina kutoka barazani, "bee" mbili ziliitika kwa pamoja, na yeye akakasirika kana kwamba kosa si lake.

Sisi watoto tulijua la kufanya. Ukitumwa kumpelekea shangazi muhogo, kabla hujanyanyua sinia unauliza: yupi? Ukiambiwa shangazi anakuita, unauliza: yupi? Nadhani neno hilo nimelitamka mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Wageni walituona watoto wajuaji. Hatukuwa wajuaji, tulikuwa tumechoka kugombezwa kwa kupeleka kitoweo nyumba isiyo yake.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa watu wawili katika chumba kimoja mjini Ukunda, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Feni ilizunguka ikilalamika. Chini palikuwa na mama wa bhajia, na harufu ya mafuta yake ilipotupandia saa nne asubuhi kazi ilisimama, utake usitake. Mwenzangu alikuwa mtu wa bara. Miezi ya kwanza alinikera kwa kuingia bila salamu, anafungua mlango tu na kusema ile kitu imekufa, yaani programu imesimama. Nikamwambia hapa kwetu mtu husalimu kwanza hata kama nyumba inaungua. Akajifunza, maskini. Mpaka leo nikimkumbuka amesimama pale mlangoni, "Habari ya asubuhi madam, umeamkaje, nyumbani hawajambo, na ile kitu imekufa," nacheka peke yangu. Sijapata tena mwenza wa kazi kama yule.

Tulikuwa tumepewa kazi ya kupitisha majibu ya maabara. Mgonjwa anatolewa damu kwenye zahanati ya kijijini, damu inapelekwa kwa pikipiki mpaka maabara, na majibu yanamrudia mgonjwa kwenye simu yake, asipoteze nauli kwenda kuuliza. Programu zilikuwa tatu. Ile ya zahanati, inayoandikisha wagonjwa, iliandikwa kwa PHP na mtu aliyeondoka kabla yetu, Mungu amsamehe. Ya maabara iliandikwa kwa Java, na mwenzangu ndiye aliyeilea. Ya katikati ilikuwa yangu, kwa Python. Hazikuzungumza ana kwa ana. Kila moja iliweka ujumbe wake kwenye foleni, na yangu ikauchukua mmoja mmoja kwa zamu, ikaangalia ni wa nani, ikampelekea. Majibu yenyewe yalipita yamefungwa, mtu wa ofisini asiyasome.

Sasa, kila lugha ya kompyuta ina tabia yake. Kadi ya mgonjwa ikiwa na namba 00417, programu ya zahanati iliituma hivyo hivyo, kama maandishi. Ile ya Java iliona ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri za mbele hazina kazi, ikatuma 417. Yangu ikipokea inaona watu wawili tofauti. Wala huwezi kuzirudisha zile sifuri kwa kukisia, maana kila zahanati ilikuwa na urefu wake wa namba. Juu ya hayo kulikuwa na mtandao. Ukikatika, programu haijui kama ujumbe umefika, basi inautuma tena, na tena. Mzee mmoja alipata ujumbe uleule mara nne, akaja zahanati na mwanawe akiamini ana maradhi manne. Tulicheka, lakini yule mzee alikuwa amekwisha kuwaaga majirani.

Mwenzangu aliomba siku mbili, azungumze na watu wa maabara, aisimamishe programu yake na kuirekebisha ile namba. Siku mbili. Mimi na subira hatujawahi kukaa jamvi moja. Nikasema tuachane na namba. Tutumie jina, jina la baba, kijiji, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na siku ya kipimo. Vyote vikilingana, basi ni ujumbe mmoja umerudiwa, uwekwe pembeni usitumwe.

"Madam, namba ndiyo mtu," aliniambia. "Jina ni ya kuitana tu."

Nikamcheka. Nikamwambia majina ya huku nayajua mimi, nimezaliwa nayo, yeye ashughulike na Java yake. Wallahi nilisema hivyo, na shingo nimeipinda.

Mfumo ukaanza kufanya kazi, na mimi nikavimba kichwa. Nikaenda Munje kuwahimiza shangazi zangu wakapimwe sukari, wote wawili. Wa Juu hakuwa na tatizo kubwa. Wa Chini ndiye aliyekuwa akinitia wasiwasi, kwa sababu sukari alikuwa nayo miaka, na dawa alikuwa akizimeza siku anazozikumbuka. Wakaenda asubuhi moja, kwenye tuktuki moja, wamevaa leso za sare. Walikuwa wajane wote, wamerudi kwa baba yao zamani, kila mmoja nyumba ya mama yake, na simu walikuwa nayo moja, ya Shangazi wa Juu. Vitambulisho vyao vilisema wamezaliwa tarehe mosi Januari, mwaka mmoja, maana siku ya kuvichukua walikwenda pamoja, na karani alipouliza tarehe kila mmoja alimtazama mwenzake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kuwaamkia. Niliwakuta uwanjani, katikati ya zile nyumba mbili, wanasuka ukili wa mikeka. Shikamoo, marahaba, na kikombe cha chai kikaletwa kabla sijaketi. Shangazi wa Chini alikuwa na mahamri mapajani na chai ya sukari nzito, anakunywa kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kifungo. Akaniambia majibu yao yamekuja tangu Jumatano, nimefanya kazi nzuri, Mungu anizidishie. Sukari iko sawa.

Niliuliza kama ujumbe umekuja mmoja au miwili. Nilikuwa nauliza tu.

Mmoja, akasema Shangazi wa Juu. Jina si ni moja? Ameusoma, na mwenzake ameusikia.

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia mwenzangu, naye siku yake ya mapumziko. Nilimwomba aangalie ule ujumbe uliowekwa pembeni, wa Jumatano, wa Munje, nikamtajia jina. Nikasikia akiandika.

"Ziko mbili, madam," akasema. "Namba mbili tofauti."

Hakusema "nilikuambia". Ningefurahi angalau angesema, nikapata wa kugombana naye. Alimpigia muuguzi wa zahanati, ambaye ndiye mwenye ruhusa ya kufungua majibu, na muuguzi akanipigia mimi. Sukari ya Shangazi wa Chini ilikuwa juu sana. Maabara ilikuwa imeandika afike hospitali siku ileile. Siku ileile ilikuwa Jumatano, na mimi nilikuwa nimesimama Jumapili, na ndani ya uwanja mgonjwa wangu alikuwa akimega hamri la pili.

Nilirudi nikamwambia aweke kikombe chini. Hapo ndipo aliponionyesha kidole cha mguu, cheusi pembeni, alichojichoma na mwiba shambani. Alikuwa hakusema kitu kwa kuwa sukari iko sawa. Tuktuki tuliipata barabarani, na mpaka hospitali ya Msambweni alikuwa ameniegemea begani akiniuliza kwa nini nalia na mgonjwa ni yeye.

Alilazwa siku tisa. Kidole hakikurudi nyumbani. Nilimuuliza daktari kama ni zile siku nne ndizo zilizokiondoa, akasema hawezi kujua, huenda kingekatwa hata hivyo. Nimelishika lile "huenda" mpaka leo, na halijanisaidia.

Siku ya tatu hospitalini nilimweleza shangazi yote. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamwambia kuhusu programu tatu zilizoandikwa kwa lugha tatu, foleni, sifuri zilizopotea, na namna nilivyokataa kungoja siku mbili. Nilimwambia kuwa programu yangu iliona jina moja mara mbili ikadhani mtu ni mmoja. Alinisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza nilipokuwa mdogo nikijitetea, mkono juu ya shuka.

"Mbona nyumbani ulikuwa ukiuliza yupi, mwanangu?" akasema.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua.

Jumatatu, kesho yake ya kumlaza shangazi, mwenzangu alikuwa ameisimamisha programu ya maabara, nami nikaibomoa yangu. Siku mbili, kama alivyosema. Namba ya kadi ikawa maandishi kwenye lugha zote tatu, na sifuri zake zote. Majina yakilingana na namba zikitofautiana, programu haitupi wala haikisii. Inasimama, inampelekea muuguzi swali. Sehemu hiyo ya programu ilihitaji jina, na mwenzangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari za uwanja wetu tukila bhajia, akaiita yupi. Aliiandika bila kuniuliza, nami nilipoiona nilitoka nje nikasimama ngazini mpaka macho yakakauka.

Shangazi wa Chini aliishi miaka miwili zaidi, akitembea upande upande na kunitania kwamba kile kidole ni zawadi yake kwa kompyuta. Alifariki nyumbani kwake, kwa maradhi mengine. Mwenzangu alirudi kwao bara. Chumba chetu siku hizi kinauza vipuri vya simu, nami nafanyia kazi nyumbani, bila harufu ya bhajia na bila mtu wa kunisalimia mlangoni.

Mwezi uliopita nilikwenda Munje. Nilisimama katikati ya uwanja, palepale tulipozoea kusimama tukiwa watoto, nikaita shangazi. Sauti moja ikaitika kutoka juu. Nikabaki nimesimama, nimegeukia upande wa bahari, nangoja. Shangazi wa Juu akatoka nje, akaniona, akajua ninachongoja.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Siku hizi ni mimi tu."