Mwiko wa Jumapili

Harufu ya loshoro, mahindi ya moto yaliyomiminiwa maziwa ya mgando, hadi leo hunifanya niwe mwangalifu na maneno yangu.

Nilikulia Sombetini, kwenye nyumba ambayo haikuwahi kupigwa plasta. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alifulia watu nguo mjini. Hela hakuwa nayo, ila alikuwa na sheria yake ya ajabu: kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla ya kupakua loshoro, kila mtoto alishikishwa mwiko, na mwenye mwiko aliruhusiwa kusema lolote, hata kumsema mama mwenyewe, bila kuchapwa wala kununiwa.

Hebu niambie, mama gani wa mtaa ule aliomba kusemwa na wanawe? Jirani yetu alitamka wazi kwamba mama anatuharibu. Mimi, mtoto wa miaka tisa, niliamini ni mtego: anakusanya makosa yetu, siku moja atatumaliza kwa mpigo. Kaka yangu Lemali, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alimwambia mama kwamba kwenye kwaya anaimba vibaya. Mama akacheka. Wiki nzima nilisubiri Lemali achapwe. Hakuchapwa, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Mwiko ukinifikia nilisema, "Mimi sina neno," nikaupitisha haraka.

Ndipo akaja shangazi kutoka Oldonyo Sambu, dada yake baba, aliyetuletea mahindi kila mavuno. Nilipomwamkia shikamoo alinishika mikono akaikagua, kisha akaniuliza kama naogopa mbuzi. Jumamosi mama akafua nguo zangu tu, za Lemali akaziacha. Nikajua naondoka.

Kesho yake mwiko ulinifikia shangazi akiwa amekaa pale pale. Nikikataa, nimemkosea mgeni heshima, nikinyamaza, nimekwisha. Machozi yalitangulia.

"Mama, unataka kunigawa. Mimi siendi. Nitapunguza kula."

"Wifi, unamwacha mtoto aongee hivyo mbele yangu?" shangazi aliuliza.

Mama akauchukua mwiko mkononi mwangu. "Nilimruhusu aseme, wifi. Basi haendi."

Shangazi aliondoka siku ile ile, na mahindi yake hayakuja tena. Mwaka ule tulikunywa uji asubuhi na jioni. Nami bado nilimshuku mama. Nilidhani walikuwa wananipima tu, na kwamba tangu mwanzo hakuwa na nia ya kunitoa.

Juzi, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, nilimwuliza akiwa anachambua mchicha: je, nisingesema, ningeenda?

"Ungeenda," alijibu bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nimeshamkubalia. Usiku wote nilimwomba Mungu useme."

Nilishindwa kumtazama. Miaka yote hiyo nilimwona mtegaji, na kumbe mama wa watu alikuwa amebanwa, akimsubiri mtoto wa miaka tisa atamke neno ambalo yeye hakuweza kumwambia wifi yake.