Mguu wa Nyuma wa Mbwa wa Mjomba

Nilikuwa namponya ili akafe? Swali hilo lilinikosesha usingizi msimu mzima wa kuvuna alizeti, mwaka niliorudi nyumbani Ikungi na shahada yangu ya ualimu kusubiri ajira. Wenzangu wa chuo waliwaza ajira. Mimi niliwaza mguu wa mbwa.

Mbwa alikuwa wa mjomba, kaka yake mama, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya shamba letu. Alikuwa na rangi ya udongo mwekundu, mwembamba, ncha za masikio zimechanwa na miiba. Ndiye aliyetangulia kila wanaume walipotoka kuwafukuza ngiri waliochimbua viazi vya watu. Asubuhi moja ngiri akageuka. Mjomba alirudi amembeba mbwa ndani ya gunia, kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, na paja la mbwa lilikuwa limefunguka.

“Dada, akae kwako,” alimwambia mama. “Kwangu wale wengine watammaliza.”

Ni kweli. Mbwa wa mawindo hawamvumilii mwenzao anayenuka damu.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake, akamchoma sindano ya ganzi, akaosha jeraha, akashona. Mimi nilishika kichwa. “Kidonda kitafunga,” alisema akinawa mikono. “Mguu ndio sijui. Ukikaa bila kazi utakauka kama fimbo. Nyuzi zikitoka, mtembeze taratibu, halafu mwingize majini.”

Maji tulikuwa nayo. Lambo la ng'ombe lilikuwa bado limeshiba mvua za mwaka ule.

Asubuhi za kipupwe huku kwetu hazina haraka. Ukungu hulala juu ya lambo, na yale mawe makubwa ya ng'ambo huonekana yakielea, kana kwamba mtu ameyafuta miguu. Nilikuwa nikikunja kanga hadi magotini, naingia naye polepole mpaka maji yamfikie tumboni, kisha napitisha mkono chini ya kifua chake. Humo ndani alikuwa hana uzito. Miguu mitatu ilianza kupiga maji yenyewe. Wa nne ulining'inia, ukangoja, halafu siku moja ukajibu kidogo, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Moyo wake ulinigonga kiganjani. Mbali, malori ya Dodoma yalipita barabarani, na sauti zao zilinifikia zimelegea, kama vile yanapita katika ndoto ya mtu mwingine. Sikujua tulikaa humo kwa muda gani. Jua lilikuwa likinikuta nimesimama.

Tukitoka, mawazo yalikuwa yananingoja ukingoni. Anatetemeka kwa baridi au kwa hofu? Maji haya machafu hayatamletea usaha? Kwenye simu nilisoma kwamba nimkande, nikasoma tena kwamba nisimguse. Nikamchemshia maji ya chumvi, nikamkanda kidogo, nikaacha, nikajilaumu kwa kumkanda na kwa kuacha.

“Magoti yangu yanauma tangu mwaka jana,” mama alisema akipepeta alizeti. “Hujawahi kunichemshia hata kikombe.”

Mjomba alikuwa akija jioni kumtazama.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwalimu. Mwanafunzi wako anaendeleaje?” Aliinama, akaminya paja la mbwa kwa vidole viwili. “Wenzako wanalea watoto, wewe unalea mbwa. Haya, mlee. Akipona kijiji kizima kitakula viazi.”

Hapo ndipo usingizi uliponipotea. Siku mbwa alipokanyaga kwa miguu yote minne nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, kisha nikajiuliza anakanyaga kuelekea wapi. Kila nyama iliyorudi kwenye lile paja ilikuwa inamsogeza karibu na ngiri. Siku nyingine nilitamani apone polepole, halafu naona aibu.

Basi asubuhi moja tukiwa majini, mluzi ulisikika kutoka kwenye mawe. Mjomba alikuwa akiwaita mbwa wake wengine. Nilihisi kifua cha mbwa kikikaza, na mara mkono wangu ukabaki mtupu. Aliogelea peke yake, akatokea ng'ambo, akakimbia. Alikimbia moja kwa moja, vizuri, ukungu ukimfunguka mbele, na kwa muda mfupi nikaamini kwamba hakuwahi kuumizwa. Mbuzi mmoja akakatiza. Mbwa akataka kumkwepa, mguu wa nyuma ukachelewa, akabingirika mavumbini. Aliinuka mkia ukiwa juu, bado anatazama kule mluzi ulikotoka.

Bwana mifugo alipokuja alimpapasa kwa muda mrefu. “Kukimbia atakimbia,” alisema. “Kukata kona, basi tena.”

Na kwa ngiri kazi yote ni kukata kona. Nikaenda kwa mjomba kumweleza. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua macho.

“Najua. Nilimwona anaanguka.”

“Kwa hiyo atabaki nyumbani?”

“Abaki vipi, mpwa wangu? Huku mwenye mbwa anayekimbia humtoa. Mbwa wangu akilala kivulini wakati mbwa wa wenzangu wanapasuliwa, watasema nakula jasho la watu. Jumamosi tunatoka.”

“Na kama si wako?”

Kisu kikasimama juu ya mpini. “Kama ni wa mtu mwingine,” alisema taratibu, “mimi nina amri gani juu yake?”

Akaendelea kuchonga. Kwetu mbwa wa mawindo hauzwi, na haombwi bure. Anayemtaka hupeleka kuku anayetaga, mchana kweupe, mbele ya wawindaji wenzake na mwenye mbwa. Kuku akipokelewa, hakuna tena wa kumpigia mbwa yule mluzi. Nilikuwa nimewaona wanaume wakifanya hivyo. Mwanamke sikuwahi kumwona.

Niliwaza mpaka kichwa kikauma. Mbwa mwenyewe ndiye aliyeukimbilia mluzi. Nani amenituma kumnyima anachokipenda? Nafanya kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Nikipangiwa shule huko Manyoni, nani atamtunza? Wakinicheka je? Hakuna hata swali moja lililopata jibu, na Jumamosi ikafika hivyo hivyo.

Niliingia kwenye banda la kuku. Mama alikuwa mlangoni, ameshika ufagio. “Si huyo,” alisema, “huyo anakula mayai yake. Mchukue mweusi.”

Nikambana yule mweusi kwapani, nikashika kamba ya mbwa kwa mkono mwingine, nikakatiza shamba. Wanaume walikuwa wamekusanyika kwenye zizi la mjomba. Njuga za mbwa zilikuwa zimejazwa nyasi zisilie njiani.

“Shikamooni.”

“Marahaba. Ee, mwalimu naye anakwenda kuwinda!” mmoja akasema. “Huyo kuku ndiye atakayemkamata ngiri?”

Wakacheka. Nikapiga goti kidogo, nikamnyooshea mjomba kuku.

“Mjomba, nimekuja kumchukua mbwa.”

Kicheko kikakatika. Mjomba alimpokea, akampima uzito kwa mkono, akampuliza manyoya ya kifuani kama watu wafanyavyo gulioni.

“Anataga?”

“Anataga.”

“Mmesikia?” akawauliza wenzake.

Wakajibu kwamba wamesikia. Mjomba akamfunga kuku miguu, akamweka kivulini, akapiga mluzi. Mbwa wake wakamfuata. Huyu wangu akaruka, kamba ikakaza, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikaizungusha kamba mkononi, nikageuka, nikamvuta kuelekea nyumbani.