Mama Zaina Hakuwemo kwenye Fomu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Utafiti alinikabidhi kipimo cha pumzi, mashine ambayo mtu huipuliza ili tujue nguvu ya mapafu yake. Tulikuwa katika kiwanda kimoja cha chai huku Usambara. Nilikuwa Bibi Afya mpya, viatu vinang'aa, kiherehere tele.

"Tunatafuta vumbi la chai," alisema Mkuu. "Walioajiriwa tu. Mengine usiniletee."

Aliyekohoa kuliko wote alikuwa mfagiaji, Mama Zaina. Nilimwamkia, nikampa mashine. Mkuu akaninyang'anya. "Huyo ni kibarua, hayumo kwenye orodha!" Mama Zaina akashika ufagio wake, akaendelea kutimua vumbi lile lile tulilolifuata kutoka mbali.

Miaka ikapita, vumbi nalo likapitwa na wakati. Watafiti wana mitindo kama mafundi cherehani. Sasa ikawa zamu ya sumu za mboga, nikahamishiwa upande wa Malindi, ile ya huku huku Usambara. Huko nikamkuta Mama Zaina, ameacha kiwanda, analima kabichi na mumewe. Mume alibeba bomba mgongoni na kupulizia. Mke alichanganya dawa kwa mikono mitupu, kisha akafua nguo zilizolowa sumu. Nikamweleza Mratibu wa Mradi. Hata uso hakuinua.

"Fomu inasema wapuliziaji."

Tukampima damu mume. Mke akatuandalia chai huku anakohoa.

Zikaja tafiti za maumivu ya mgongo, kisha za msongo wa mawazo. Kila moja ilikuja na semina yake na fulana zake. Majibu je? Yalipanda gari pamoja na watafiti, hayakurudi. Yaani ilinikera! Nilinung'unika, nikajaza fomu.

Mwaka wangu wa mwisho ulikuja utafiti wa kila kitu kwa pamoja, pumzi ikiwemo, nasi tukapewa vishikwambi. Nikasema liwalo na liwe, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Zaina. Alipuliza mara tatu, hakufika hata nusu ya kipimo. Nikaingiza namba. Kishikwambi kikakataa: umri umezidi.

"Bibi Afya," akasema akihema, "kwanza nilikuwa kibarua, halafu nikawa mke wa mtu, leo nimekuwa mzee. Mgonjwa nitakuwa lini?"

Niliona aibu. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika barua ya kumpeleka hospitali, nikaweka sahihi na cheo changu. Alipokewa siku hiyo hiyo, akapewa dawa. Daktari akaniuliza kwa nini hakuletwa mapema, maana mapafu yaliyokwisha haribika hayarudi.

Sasa nimestaafu. Nyie vijana mnaoanza kazi hii, zilaumuni fomu mpendavyo, hata mimi nimezilaumu maisha yangu yote. Lakini barua ile ilikuwa na mistari minne, na hakuna mkuu aliyewahi kunikataza kuiandika.