Paa la Leopoldi

Asubuhi ile mimi na mume wangu Leopoldi tulikuwa tunabishana juu ya nyasi. Mimi nilisema zimekauka vya kutosha, yeye akasema bado. Kwa kuwa paa ni kazi ya mwanamume nilinyamaza, ingawa nilijua nimeshinda. Haukupita muda akapanda ngazi, akaanza kung'oa nyasi kuukuu upande wa mashariki, ule unaopigwa zaidi na upepo. Masizi yalimwangukia mpaka yakabaki meno tu. Mama yake, ambaye tuliishi naye, alikaa mlangoni akimenya ndizi kwa mkono wake wa kushoto na kumcheka.

"Leopoldi, shuka unawe. Mtoto atakukimbia."

Mtoto wetu Anastazia ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Nyumba yetu hapa Ihembe ilikuwa ya msonge, na kila baada ya misimu kadhaa ilibidi ivuliwe nyasi za zamani na kuvikwa mpya kabla ya mvua kubwa. Kwetu mlimani masika si mvua peke yake. Kuna ukungu unaoingia hadi ndani ya blanketi, kuna upepo, na mara nyingine kuna mvua ya mawe inayochana majani ya migomba yakabaki nyuzi nyuzi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na sisi hatukuwa na nguvu za kujenga ukuta.

Habari za vita vya Wazungu tulikuwa nazo, lakini tulizisikia kama mtu anavyosikia ugomvi wa ng'ambo ya bonde.

Jua lilipokuwa utosini akaja mkungu, yaani mkuu wa kijiji, pamoja na askari wawili wa chifu.

"Shikamoo," nilimwambia. Hakuitikia.

"Leopoldi, shuka."

Leopoldi alitazama kibanja chetu, migomba iliyozunguka nyumba. Nilijua anapima nini. Vijana wengi walikuwa wamepita kwenye migomba kama ile na kukimbilia porini.

Askari mmoja naye alijua. Akamshika mama mkwe mkono.

Leopoldi akashuka.

Walimfunga kamba kiunoni pamoja na wengine waliowakusanya njiani, hata masizi hakunawa. "Nyasi zigeuzeni," aliniambia. "Zisioze." Hayo ndiyo maneno aliyoniachia, na kwa muda mrefu nilimkasirikia kwa ajili ya maneno hayo. Mtu anakwenda vitani, anamwachia mkewe nyasi!

Nyumba ikabaki uchi upande mmoja.

Kwetu mwanamke hapandi paa la mumewe. Paa ni kichwa cha mwenye nyumba, na mke akikanyaga juu yake mume akiwa hai, anamwitia kifo. Mimi nilikuwa nimebatizwa na nilikuwa naungama, lakini mwiko huo padri hakuwahi kuuondoa moyoni mwangu. Na mume wangu alikuwa vitani, mahali ambapo kifo hakihitaji kuitwa mara mbili.

Nikatafuta mwanamume. Wenye nguvu walikuwa wamechukuliwa au wamejificha, maana mkungu alirudi tena na tena. Mzee jirani yetu alikubali, akafika, akaitazama ngazi, akakumbuka magoti yake. Tulijaribu kusukuma majani ya migomba juu ya lile pengo kwa miti mirefu, tukiwa tumesimama chini. Upepo ukayarudisha kibanjani.

Basi nikawa mtu asiyetulia. Niligeuza nyasi zilizokwisha kugeuzwa. Nilitazama mawingu hata wakati hayapo. Nikikaa, nilimwona Leopoldi amelala kifudifudi katika nchi nisiyoijua jina. Nikisimama, nilisikia kifua cha mtoto, kwa sababu manyunyu ya kwanza yalikuwa yameshaingia ndani na Anastazia ameanza kukohoa.

"Mama, twende tukalale kwa jirani," nilimwambia mama mkwe.

"Nenda na mtoto, waitu, mwanangu. Moto wa aliye safarini hauachwi ukazimika. Nitabaki nao."

Nilikwenda. Kwa jirani tulijazana watu wengi kwenye chumba kimoja chenye moshi, na kikohozi kikazidi. Nikarudi.

Alasiri moja mashariki yote ikawa nyeusi. Kuku waliingia ndani wenyewe. Anastazia alikuwa anapumua kwa shida, mbavu zikiingia na kutoka, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimlaza karibu na moto, nikatoka, nikaweka mguu kwenye ngazi.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu.

"Toa mguu."

"Mama, mtoto huyu namwona. Mume simwoni."

"Nimesema toa mguu. Wewe una mume." Alikuwa tayari anajifunga nguo kiunoni. "Mimi wangu nilishamzika. Huko juu nitamuua nani?"

"Lakini ni paa la mwanao."

"Kichwa cha Leopoldi nilikishika kabla yako," alisema. "Hakinitishi."

Akapanda.

Nilimrushia matita ya nyasi naye akayapanga, akianzia chini na kupanda, akiyafunga kwa kamba za migomba. Alikuwa mzee, lakini mikono yake ilikwenda haraka kuliko nilivyoweza kurusha.

Upepo ukafika.

"Mama, shuka!"

"Bado tita moja."

Mawe yalianza kwenye migomba. Kisha yakatufikia.

Nilimwona akikaza fundo la mwisho.

Ngazi ikateleza.

Nilimburuta ndani. Mgongo wake haukuwa unaitika tena, miguu imelala kama si yake. Nilimweka upande wa pili wa moto, mtoto huku, yeye kule, na juu mvua ya mawe ikitwanga.

"Panavuja?" aliniuliza.

"Hapavuji, mama."

"Haya basi."

Anastazia alipona. Mama mkwe hakuuona mwisho wa masika.

Leopoldi alirudi vita vilipokwisha, amekonda, amevaa kabuti la jeshi. Kabla hajaingia ndani alitazama paa, kama wanaume wanavyofanya, akalishika upande wa mashariki.

"Vifundo hivi ni vya mkono wa kushoto," alisema. "Mama yuko wapi?"

Nikamweleza yote. Akakaa chini pale pale, palipoanguka ngazi.

Nimepima mambo haya mara nyingi. Mtoto aliishi, mume akarudi. Mtu wa nje atasema vita vilinionea huruma. Lakini yule mama nilimpenda kuliko nilivyompenda mwanawe, na sikuwahi kumwambia yeye wala mwanawe. Watu wakitaja waliokufa vitani, yeye hawamtaji. Mimi humtaja, hata wakinicheka.

Jioni ya siku aliyorudi nilimuuliza Leopoldi alipigana wapi.

"Sikupigana," alisema. "Walinipeleka bandarini, nikapewa ghala la mablanketi nililinde. Tangu nifike mpaka waliponirudisha, sikusikia hata risasi moja."

"Mablanketi?"

"Mablanketi. Yamejaa hadi darini."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Tukakaa sote wawili, tukisikiliza upande wa mashariki.

Hapakuvuja.