Simu ya Jioni Kwenda Nalasi

Nilipopangiwa kazi Songea nilikuwa sijawahi kufika kusini. Nilitoka Singida na sanduku la bati, godoro lililokunjwa na koti zito ambalo nyumbani walilicheka. Mwezi wa sita ulipofika sikulivua hata darasani. Shule yangu ilikuwa upande wa Mshangano, pale mji unapoanza kuchanganyika na mashamba ya mahindi, na huko ndiko nilikomkuta rafiki yangu. Naye alikuwa mwalimu mgeni, tuliripoti wiki ile ile. Alikuwa Myao wa Nalasi, wilaya ya Tunduru, binti wa wakulima wa korosho.

Tulipanga nyumba moja, kila mtu na chumba chake, jiko moja. Mimi ni Mlutheri, yeye alikuwa Mwislamu. Mimi ni mtu wa kimya, yeye alikuwa na maneno ya kutosha watu wawili, kwa hiyo hatukugombana. Aliomba kufundisha darasa la kwanza, akisema watoto wakikua wanaacha kusikiliza. Alikuwa na sauti nzito kuliko mwili wake. Akiwasomea watoto hadithi, darasa la jirani waliacha hesabu wakasikiliza ukutani. Mwalimu mkuu alimwonya apunguze sauti. Baadaye tukamwona mwalimu mkuu mwenyewe amesimama karibu na dirisha, anajifanya anakagua bustani.

Tuliitana "ticha," kama walimu wa mjini wanavyoitana, na tuliendelea kuitana hivyo hata tulipokuwa watu wazima wenye watoto.

Jumamosi tulitoka. Tulipanda milima ya Matogoro tukiwa na chapati na chupa ya chai, tukarudi na magoti yanauma. Mara nyingi tulipanga kwenda Ziwa Nyasa, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kuliona, na kila tulipopanga likatokea jambo: mitihani, mvua, msiba wa mtu. "Ziwa halihami," alikuwa akisema.

Kisha baba yake akafariki na mama yake akabaki peke yake. Rafiki yangu akaomba uhamisho kwenda Nalasi, na huko huko akaolewa na mkulima mmoja mpole wa kijiji cha jirani. Nami baadaye nikaolewa Songea. Siku anaondoka nilimsindikiza stendi. Aliongea hadi basi lilipoanza kutembea, akaendelea kuongea kupitia dirishani, na mimi nikawa natembea pembeni ya basi nikiitikia.

Tangu hapo tukaishi kwa simu. Alinipigia jioni baada ya kuswali magharibi, akanisimulia siku yake yote: wanafunzi, mawifi, nyani walioingia shambani, mama yake aliyekataa kulala ndani ya chandarua. Mimi nilikuwa nikipika huku simu nimeibana kwa bega. Nilichangia "ehee" na "kumbe," basi. Kulikuwa na jioni ambazo sikusema zaidi ya hayo, na hakulalamika.

Likizo tulikutana Tunduru mjini. Yeye aliniletea korosho zilizobanguliwa, mimi nilimpelekea maharage na kahawa ya Mbinga. Mwaka mmoja alinivuta hadi Nakapanya, kwa binamu yake aliyekuwa anauza vitafunwa kando ya barabara kuu. Tulikaa pale kutwa nzima kwenye benchi, tukitazama mabasi ya kwenda na kurudi Masasi. Kila abiria aliyeshuka kunyoosha miguu, rafiki yangu alimtungia maisha yake: huyu anakimbia mke, yule anakwenda kudai urithi. Nilicheka hadi binamu akaniletea maji. Nikitaka kukumbuka jinsi tulivyokuwa, nakumbuka siku ile, ingawa hakuna lolote lililotokea.

Ugonjwa ulianza kama mafua. Sauti ikawa inakwaruza. Tulisema ni vumbi la chaki. Akanywa tangawizi, akalamba asali, akapumzika kufundisha kwa muda. Sauti haikurudi. Hospitali ya wilaya wakamwandikia aende mkoani, akafikia kwangu, nikamsindikiza. Mkoani nao wakamwandikia aende Dar es Salaam. Huko ndiko walikomwambia kuwa ni saratani ya koo, na kwamba ili abaki hai, sehemu inayotoa sauti lazima iondolewe. Angepumulia tundu dogo shingoni.

Alinipigia mchana, siku moja kabla ya upasuaji. Nilikuwa chumba cha walimu, nikatoka nje. Nilitegemea atalia, au atasema jambo kubwa. Hakusema. Alinisimulia kwa sauti ile iliyokwaruzika habari za mama wa kitanda cha pili aliyekuwa akikoroma na kuamka kuuliza nani anakoroma. Nikamuuliza, "Unaogopa?"

"Naogopa, ticha. Lakini nimechoka kuongelea hilo. Wote wanaokuja hapa wanaongelea hilo."

Akarudi kwa mama anayekoroma. Mwisho akasema, "Haya ticha, baadaye." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kinywani mwake. Miaka yote ile aliongea nami kila jioni, na sikuwahi kuirekodi sauti yake hata mara moja. Nani angefikiria?

Aliporudi Nalasi, niliogopa kupiga simu. Nitampigiaje mtu asiyeweza kujibu? Tukawa tunaandikiana ujumbe, mfupi mfupi, wa kuulizana dawa na chakula. Wiki zikapita. Jioni moja akaniandikia: "Ticha, piga. Ongea wewe. Mimi nasikia."

Nikapiga. Ikapokelewa, nikasikia kuku kwa mbali, na pumzi. Sikujua nianzie wapi. Nikasema leo nimepika matembele. Nikasema yameungua kidogo. Halafu nikasikia mkwaruzo, ukucha wake ukigonga simu, kama mtu anayebisha hodi. Nilielewa kwamba niendelee. Nikaendelea na matembele, nikaelezea yameunguaje, na jirani alivyosikia harufu akaja kuuliza kama nyumba ni salama.

Ndivyo nilivyojifunza kuongea, mimi niliyelelewa kuambiwa mtoto wa kike asiwe na maneno. Kila jioni nilimpigia. Mchana kutwa nilikuwa natafuta cha kumsimulia: mzazi aliyekuja shuleni kutetea mtoto na kukuta si darasa la mtoto wake, fundi aliyepaka ukuta wangu rangi ya jirani. Nikimchekesha nilijua, kwa kuwa pumzi yake ilikatika na kutoka kwa vishindo. Kicheko chake chote sasa kilikuwa hewa tu. Nikikata simu nilikuwa nalia kidogo, kisha nakula.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, aliandika: "Twende ziwani." Hatukungoja likizo ndefu. Alikuja Songea, na alfajiri tukapanda basi la Mbamba Bay. Baada ya Mbinga, barabara inateremka milimani kwa kona nyingi, na kwenye kona mojawapo ziwa likajitokeza ghafla chini, la buluu hadi mwisho wa macho. Alinishika mkono akaufinya. Nilimtazama, midomo ilikuwa inacheza. Zamani pale angeliamsha basi zima.

Ufukweni tulitafuta pa kula. Mama mmoja wa makamo alikuwa anakaanga samaki. Akatusalimu, mimi nikaitikia, rafiki yangu akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Yule mama akamsalimu tena. Akapata jibu lile lile.

"Huyu mwenzako ana maringo?" akaniuliza.

"Tusamehe mama, aliumwa, alifanyiwa..."

Nilifinywa kiunoni hadi nikaruka. Tulipokaa, simu yangu ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa amekaa mbele yangu, anaandika kwa hasira. "Usiniombee msamaha kwa watu. Sijamkosea mtu." Nikasoma, nikamwambia, "Sawa, ticha." Akanisogezea kipande kikubwa cha samaki.

Kisha akavua viatu akaingia majini. Madaktari walimkataza kabisa maji yasifike kwenye tundu la shingo, kwani yangemwingia moja kwa moja mapafuni, na nilimkumbusha hilo hadi akanionyesha mkono wa kuninyamazisha. Akasimama maji yakiwa chini ya magoti, mtandio ameukaza shingoni, uso ameuelekeza upande wa Malawi. Alisimama kwa muda mrefu. Mimi nilisimama hatua chache nyuma yake, nimelowa gauni, nikihesabu kila wimbi kuwa adui. Alipogeuka alikuwa anatabasamu na macho yana machozi. Aliniambia neno kwa midomo. Sikulishika. Nikamwomba arudie, akatikisa kichwa kwamba basi, si kitu. Hadi leo sijui alisema nini.

Ugonjwa ulirudi mwishoni mwa msimu wa korosho. Hakuniambia mapema. Niliona tu majibu yake yanafupika, na jioni nyingine ukucha haukugonga. Nilipanga kwenda shule zikifungwa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu. Tangu apoteze sauti, namba yake haikuwahi kunipigia. Kwa hiyo asubuhi ile ya mvua, niliposimama jikoni nikaona namba yake inaita, nilijua. Niliitazama ikiita. Nilipopokea ilikuwa sauti ya mume wake. "Shemeji," akasema, "mwenzetu ametutoka alfajiri. Tunazika leo adhuhuri."

Nilimwambia nakuja. Akasema, "Njoo, ila hatuwezi kukungoja." Nilijua. Dini yao haichelewi kuzika. Nikapanda basi la kwanza nililolipata. Namtumbo tulisimama, abiria wakanunua ndizi. Adhuhuri ilinikuta bado nipo njiani kabla ya Tunduru, nikatazama saa, nikainamisha kichwa kwenye kiti cha mbele. Dada niliyekaa naye akaniuliza kama basi linanitapisha. Nikasema ndiyo.

Kutoka Tunduru nilichukua bodaboda. Barabara ilikuwa tope tupu, tulishuka mara kwa mara kusukuma. Nilifika Nalasi alasiri, matope hadi kiunoni. Wanaume walikuwa wameshatoka makaburini, wamekaa nje. Mume wake alinyanyuka, akanipa mkono. Wakanielekeza ndani kwa wanawake.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Nilipiga magoti.

"Shikamoo mama. Pole sana, mama."

Aliitikia marahaba, akanitazama kwa makini. Kiswahili chake ni kidogo, anaongea Kiyao. Akasema neno, na wanawake wote mle ndani wakageuka kunitazama. Binti mkubwa wa rafiki yangu, msichana wa sekondari, akanitafsiria akilia.

"Bibi anasema, wewe ndiye wa simu?"

Sikuelewa. Binti akanieleza. Tangu mama yake arudi kutoka Dar, kila nilipopiga aliweka spika. Jioni familia yote ilikaa pale uani karibu na jiko, na majirani wengine walikuja, wakinisikiliza. Binti alikuwa akimtafsiria bibi yake. Matembele yangu yaliyoungua, fundi wa rangi, mzazi aliyekosea darasa, vyote walivijua.

Niliona aibu imenipanda hadi masikioni. Kuna mambo nilimwambia yeye tu. Nilimwambia jinsi mume wangu alivyoondoka. Nilimwambia kuna jioni naogopa kuingia chumbani mwangu. Binti lazima aliusoma uso wangu.

"Mama mkubwa," akasema taratibu, "ukianza mambo yako ya ndani mama alikuwa anazima spika. Anaiweka sikioni, anaondoka, anakwenda kukaa nyuma ya nyumba. Sisi tulikuwa hatumfuati."

Hapo ndipo nilipolia. Njiani kote nilikuwa sijalia.

Wanawake waliniacha nilie. Nilipotulia bibi akasema tena, na binti akasita kabla ya kutafsiri. "Bibi anauliza, yule jogoo alirudi?"

Mara ya mwisho nilipopiga nilikuwa nikisimulia habari ya jogoo wa jirani aliyepotea, na jirani alivyozunguka Mshangano nzima akimwita kwa jina la marehemu mjomba wake. Mtandao ulikata kabla sijamaliza. Nikaona si vizuri, msibani, kuongea habari za jogoo. Lakini bibi alikuwa ananingoja, na wanawake wengine nao. Kwa hiyo nilisimulia. Jogoo alikutwa kanisani, juu ya kinanda, wakati wa mazoezi ya kwaya, na jirani alikataa kuondoka naye hadi kwanza amwombe jogoo radhi kwa kumtishia kisu siku aliyotoroka. Binti akatafsiri. Mama mmoja kwenye kona akacheka, akaziba mdomo. Bibi naye akatikisika mabega. Kisha kicheko chake kikageuka kilio kile cha mama aliyefiwa, na wote tukaenda naye.

Nilikaa nao hadi siku ya hitima, kisha nikarudi kazini.

Nilijaribu kuendelea kuwapigia. Mwanzoni binti aliweka spika kama zamani, akatafsiri. Halafu akaenda shule ya bweni Masasi. Shemeji si mtu wa maneno. Tunaulizana hali siku za Idi na Krismasi, tunaitikiana, tunaagana. Mwezi uliopita nilipiga, akampa bibi simu. Nikamsalimu, akaitikia. Nikamwambia Songea mvua zimeanza, sidhani kama alinielewa. Akasema maneno machache ya Kiyao, nami sikuelewa. Hakuna aliyekata. Nilimsikia akipumua, na kuku uani, na mtoto anaitwa kula. Tulikaa hivyo mpaka mtandao ulipopotea.