Nilivuka Sirari Kuutafuta Mlango wa Babu

Nilivuka mpaka kwenda Kenya kwa sababu mlango niliojenga mwenyewe ulianguka mara mbili. Naanza na hilo ili asije mtu mwingine akawasimulia vibaya. Mimi ni fundi. Niliishia darasa la tatu, na nyumba nyingi za Manyamanyama, pale Bunda, zimesimama kwa mkono huu. Lakini boma la mawe la babu yetu, kule Butiama, lilinishinda. Babu alilipanga bila simenti, ng'ombe wakalala humo salama. Mlango wake ulipobomoka niliujenga upya kwa simenti, mrefu na mpana, mtu apite kifua mbele. Mvua ya kwanza, chini. Nikarudia na nondo. Chini tena.

Ndipo mdogo wangu Magesa akasema mbele ya ukoo kwamba mawe yahamishwe, yakawe msingi wa nyumba yake. "Kaka, boma lisilo na mlango ni rundo la mawe tu." Iliniuma kwa sababu ni kweli. Ukoo ukanipa mpaka mvua za vuli. Mlango usiposimama, mawe ni ya Magesa.

Dereva mmoja wa lori aliniambia kwamba upande wa Migori kuna maboma ya kale, hayakuwahi kuonja simenti, na milango yake ipo hadi leo. Nikasema nitakwenda niipige picha.

Jumatatu nilikuwa Musoma kuchukua hati ya kuvukia. Binti yangu Nyangeta, anayeuza vitambaa huko, aliniazima simu yake na kunionya nisizibe jicho la kamera kwa kidole. Nikamwambia nilikuwaga nashika timazi ya kunyooshea kuta kabla yeye hajazaliwa. Picha mbili za kwanza zilikuwa za kidole.

Jumanne, Sirari. Afisa aliuliza naenda Kenya kufanya nini. Kupiga picha mawe, nikamjibu. Akauliza kwani kwetu hayapo. "Yapo, ila ya kwetu yanalala chini." Akagonga muhuri.

Nililala Migori, na Jumatano asubuhi pikipiki ikanifikisha Thimlich Ohinga, penye maboma yale. Mimi mbele ya kazi ya fundi mwingine hukosoa kwanza. Hapa nilivua kofia. Ukuta ulinipita urefu. Mawe hayakuchongwa, hayana udongo wala chokaa, ila yameumana kama meno. Nilitoa timazi mfukoni nikairudisha.

Mama Akinyi, Mjaluo anayetembeza wageni pale, alinionyesha mlango. Ni mfupi, tena mwembamba. Nikasimama nje nikaupiga picha kumi. Akauliza kama siingii. Nikamweleza kwamba mtu mwenye wajukuu hainami kwenye boma la asiyemfahamu.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, mwenye boma aliinama. Ng'ombe wake waliinama. Wewe ni nani?"

Nikaangalia zile picha kumi, zote zikaonyesha uso wa mlango. Kilichoshikilia mawe ya juu hakikuonekana hata katika moja. Basi nikainama, magoti yakalia, na nilipofika katikati nikatazama juu.

Pale ndipo siri ilipo. Kila jiwe la ubavuni limesogea kidogo kuelekea katikati ya mlango kuliko lililo chini yake, hadi mawe marefu ya juu yanabaki na nafasi ndogo tu ya kuvuka. Nikaliona kosa langu. Niliutanua mlango nipite nimesimama, jiwe la juu nikalibebesha upana lisiouweza. Halafu nikaziba kila upenyo kwa simenti, maji yakakosa pa kutokea, yakausukuma ukuta.

Nikalala chali mavumbini, nikapiga picha hadi simu ikaanza kulia njaa. Mama Akinyi alinishikia kofia. Alisema wageni wote hupiga picha wakiwa mbele ya mlango, mimi ndiye wa kwanza kuulalia.

Ijumaa nilifika Butiama. Magesa alitazama zile picha, akauliza mlango wenyewe uko wapi, maana anaona matumbo ya mawe tu. Nikamwambia alete sururu. Alikuja, nadhani ili anione nikianguka mara ya tatu, lakini mawe mazito tulibeba wawili. Tulibomoa simenti yangu yote. Tukapanga upya, mlango mfupi na mwembamba, bila kuziba.

Vuli ilipoanza nilikwenda asubuhi, mvua bado inanyesha. Maji yalikuwa yanatoka katikati ya mawe, vijito vidogo vidogo, na mlango umesimama. Magesa alinikuta hapo na ndama wake wawili. Wao waliingia bila taabu. Yeye alisimama kidogo, akaniangalia, kisha akainama.

Akiwa ndani akasema, "Kaka, ungeinua kidogo tu."

"Inama," nikamwambia.

Miaka yote nimepima milango kwa urefu wa mwenye nyumba. Huu niliupima kwa urefu wa mawe tuliyonayo, nao unanitosha, hata mimi. Magesa ameanza kufyatua matofali ya msingi wake. Nimemwambia nitamjengea, simenti nitaweka, na mlango ataingia amesimama.